Meza ndogo kichwani: kwa nini msemaji hodari hukwama kwenye swali la sarufi

Jumamosi moja mpwa wangu alikuja Sinza na karatasi ya testi iliyokunjwa mara nne. Yuko mwaka wa pili chuo kikuu, anasomea ualimu wa Kiswahili na Kiingereza. Akaniamkia, akakaa, akainyoosha ile karatasi mezani kwa kiganja. Swali la tatu liliuliza hivi: sentensi "Ubora wa viatu hivi vimepungua" ina kosa, lisahihishe, kisha lieleze. Kusahihisha alisahihisha, akaandika "umepungua". Kwenye maelezo akaandika: "Kwa sababu haisikiki vizuri." Alipata alama moja kati ya tano.

"Mjomba, mimi nimezaliwa Temeke. Kiswahili ndicho nilichoanza nacho kabla ya kuota meno. Leo naambiwa sikijui?"

Nikageuza karatasi. Upande wa pili alikuwa ameandika insha fupi, na mstari wake wa nne ulisema: "Matumizi ya simu hizi zimeathiri uandishi wa vijana." Kosa lilelile. Kwenye swali la tatu aliliona mara moja, akashindwa kulieleza. Dakika ishirini baadaye akalifanya mwenyewe bila habari.

Mbele ya karatasi kama ile, wengi huwa na hukumu tayari: mtoto hajasoma, vijana wa siku hizi hawajali lugha. Nimekaa miaka mingi na maandishi ya wanafunzi wa chuo, na hukumu hiyo siikubali. Binti huyu anakijua Kiswahili. Kilichomwangusha ni kitu kingine, ambacho wanasaikolojia wamekuwa wakikipima tangu katikati ya karne iliyopita: kumbukumbu tendaji.

Ukitaka kuiona kumbukumbu tendaji, panda daladala ya kwenda Makumbusho saa kumi na mbili jioni umwangalie konda. Yule baba wa nyuma katoa elfu kumi, hajapewa chenji. Wale wawili wenye sare ni wanafunzi, nauli yao ni nyingine. Yule dada mwenye mtoto anashukia Bamaga, keshasema mara mbili. Yote hayo yamo kichwani mwake, hana daftari, na wakati huohuo anagonga bati na kuita abiria. Wakifika mwisho wa safari yote yanafutika, linaingia kundi jingine na madeni yake. Hapo si ghalani tunapoweka jina la mama na njia ya kurudi nyumbani. Ni meza ya kufanyia kazi: kitu hukaa juu yake kwa muda tu unaokishughulikia, na meza yenyewe ni ndogo.

Ni ndogo kiasi gani? Mwaka 1956 Mmarekani George Miller aliandika kwamba mtu hushika vitu kama saba kwa wakati mmoja, viwili juu au viwili chini. Mwaka 2001 Nelson Cowan aliipitia hesabu hiyo upya, akaonyesha kwamba mtu akizuiwa kukariri na kupanga, vinavyobaki ni kama vinne. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1974, Alan Baddeley na Graham Hitch wa Uingereza walipendekeza kwamba meza hii ina sehemu. Kuna kitanzi cha sauti, kinachoyazungusha maneno kama mtu anayejinong'oneza. Kuna ubao wa picha na nafasi. Na kuna msimamizi anayeamua kipi kiangaliwe na kipi kiachwe. Mwaka 2000 Baddeley aliongeza sehemu ya nne, ya kuunganisha habari za huku na huku, lakini kwa mambo ya sarufi ninaowatazama zaidi ni kitanzi na msimamizi.

Kitanzi hushika maneno yanayoweza kutamkwa kwa sekunde kama mbili. Si idadi tu ya maneno, ni urefu wake pia. Mwaka 1980 wanasaikolojia Nick Ellis na Hennelly walichunguza kwa nini watoto wa Wales walionekana kushika tarakimu chache wakipimwa kwa Kiwelshi kuliko wale waliopimwa kwa Kiingereza. Watoto hawakuwa na kasoro yoyote. Majina ya tarakimu za Kiwelshi huchukua muda mrefu zaidi kuyatamka, basi kitanzi hujaa mapema. Taja namba yako ya simu kwa Kiswahili, sifuri saba tano na kuendelea, kisha uitaje kwa Kiingereza. Tarakimu zetu zote zina silabi mbili, na sifuri ina tatu. Za Kiingereza, isipokuwa saba na sifuri, zina silabi moja moja. Wengi wetu hapa mjini tukimtajia mtu namba tunaruka kwenda Kiingereza bila kujiuliza. Mazoea ya shule yamo, bila shaka, lakini nahisi kitanzi nacho kina mkono wake.

Sasa jipime. Soma sentensi hizi tatu kwa sauti, moja baada ya nyingine, bila kurudi nyuma.

Mvuvi aliporudi ufukweni alikuta mtumbwi wake umebebwa na maji.

Mama ntilie alisema wali umekwisha lakini ugali bado upo jikoni.

Tulisubiri pantoni ya Kigamboni mpaka jua likazama nyuma ya ghala.

Funika kwa kiganja. Neno la mwisho la kila sentensi lilikuwa lipi? Na mvuvi alikuta nini?

Kipimo cha namna hii kilibuniwa na Meredyth Daneman na Patricia Carpenter mwaka 1980, na waliopimwa walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu. Walianza na sentensi mbili wakapanda. Wapo walioishia mbili, wapo waliofika tano, na waliofika mbali ndio walioelewa vizuri zaidi walichosoma, hasa pale ilipobidi kujua kiwakilishi kinamrejelea nani aliyetajwa sentensi kadhaa nyuma. Kilichofanya kipimo hiki kidumu hadi leo ni kwamba hakipimi kuhifadhi peke yake. Kinapima kuhifadhi huku mikono imeshika kazi nyingine, kama konda.

Nikamwambia mpwa wangu: sentensi yenye kishazi ndani ya kishazi ni kipimo hichohicho, ila tunakifanya kila siku bila kuitwa maabara. Nikamwandikia hii:

"Mzee ambaye kijana ambaye askari alimkamata alimwibia amesamehe."

Akaisoma mara mbili, akanitazama. "Nani kamsamehe nani?" Sentensi haina kosa hata moja. Askari alimkamata kijana, kijana alimwibia mzee, mzee amesamehe. Lakini msomaji analazimika kuwaweka mezani watu watatu wasio na vitenzi, kisha vitenzi vitatu vinamwangukia kwa mkupuo, vyote vimeanza na "a-". Nikaandika ya pili:

"Kitabu ambacho mwanafunzi ambaye mlinzi alimzuia getini alikisahau kimeonekana."

Muundo ni uleule, na bado ni mzigo, lakini hii aliifungua peke yake. Ile "ki" ya "alikisahau" na "ki" ya "kimeonekana" zinamrudisha kwenye kitabu kama kamba iliyofungwa mguuni mwa mbuzi. Wageni wanaojifunza lugha yetu huzilalamikia ngeli kwamba ni mzigo wa kukariri. Mimi naziona zikifanya kazi ya pili ambayo hatuisemi sana: upatanisho humkumbusha msikilizaji ni jina lipi linalozungumzwa, hata kama lilipita zamani. Pale ngeli zote zinapokuwa moja, kama kwa mzee, kijana na askari, kamba inakatika.

Na kamba hiyohiyo ndiyo inayonasa mguu usio wake. "Matumizi ya simu hizi zimeathiri." Jina linalotawala ni matumizi, kitenzi kinataka "yameathiri". Lakini mkono ulipofika kwenye kitenzi, lililokuwa karibu, lililokuwa bado linavuma kwenye kitanzi, ni simu hizi. Kitenzi kikashika aliye karibu. Kosa hili lina ndugu duniani kote. Kwa Kiingereza, Kathryn Bock na Carol Miller walilisoma mwaka 1991 kwa kuwapa watu mwanzo wa sentensi wenye jina la umoja likifuatwa na la wingi, wakaona vitenzi vikivutwa na jina la jirani.

Utafiti ninaoupenda kuliko wote hapa ni wa Wafaransa watatu, Michel Fayol, Pierre Largy na Patrick Lemaire, wa mwaka 1994. Katika Kifaransa, umoja na wingi wa vitenzi vingi hutamkwa sawasawa. Tofauti huonekana kwenye maandishi tu. Kwa hiyo anayeandika hawezi kutegemea sikio. Watafiti hawa waliwasomea watu wazima wenye elimu sentensi za mfano wa "mbwa wa majirani anafika", wakawataka waziandike. Kanuni inayohitajika hapo hufundishwa shule ya msingi na kila mmoja wao aliijua. Walipoandika kwa utulivu, makosa yalikuwa machache. Walipotakiwa kushika kichwani orodha ya maneno mengine huku wanaandika, makosa yakaongezeka: mbwa mmoja akapewa kitenzi cha majirani. Elimu yao haikupungua kwa dakika ile. Meza ndiyo ilijaa, na kazi ya kukagua upatanisho, ambayo inahitaji nafasi, ikadondoka pembeni.

Mpwa wangu akiwa anaandika insha alikuwa na orodha yake kichwani: hoja ya pili, mfano wa hoja ya kwanza ambao hajauandika, saa ya ukutani, na yule msimamizi wa testi anayepita kati ya madawati.

Hilo linaeleza kosa alilolifanya. Kuhusu maelezo aliyoshindwa kuyatoa, inabidi tutenganishe mambo mawili ambayo tunayaita kwa jina moja, "kujua sarufi". Lipo la kwanza, la mtoto wa miaka minne. Mwambie mtoto huyo kwamba hiki ni kifulo, neno ambalo nimelibuni sasa hivi, kisha mwonyeshe viwili. Atasema vifulo, ingawa hajawahi kulisikia. Jean Berko alifanya jaribio la namna hii kwa watoto wa Kiingereza mwaka 1958. Mtoto ana kanuni, anaitumia, hawezi kuitaja. Kanuni hiyo haikai mezani hata kidogo. Imekwisha kuwa mazoea, kama kuendesha baiskeli.

La pili ni kuitazama lugha yenyewe kama kitu, kuigeuza na kusema imejengwaje. Hilo ndilo naliita utambuzi wa sarufi, na hilo hufanyika mezani, mbele ya msimamizi. Rod Ellis, si yule Ellis wa Kiwelshi, aliyatenganisha haya mawili kwa vipimo mwaka 2005. Aliwataka watu waamue haraka, kwa saa, kama sentensi ni sahihi. Akawataka waamue bila haraka. Akawataka pia waeleze kanuni. Kuamua haraka kuliambatana na vipimo vya usemaji wa papo kwa papo. Kuamua kwa utulivu kuliambatana na kueleza kanuni. Mtu anaweza kuwa hodari upande mmoja na dhaifu upande wa pili. "Haisikiki vizuri" ni jibu la kweli kabisa kutoka upande wa kwanza, limewekwa kwenye swali la upande wa pili.

Kwa nini kutazama umbo kuwe kugumu hivyo? Kwa sababu maana haikubali kukaa pembeni. Ellen Bialystok, wa Kanada, aliwauliza watoto kama sentensi inayosema matofaa huota kwenye pua imesemwa sawasawa. Kwetu tungesema "Maembe huota puani". Mtoto mdogo anakataa, anacheka, maembe hayaoti puani! Kukubali kwamba sarufi yake ni safi ingawa maana ni upuuzi kunahitaji kuibana maana kwa mkono mmoja na kulishika umbo kwa mkono wa pili. Bialystok alitofautisha uwezo wa kuichambua lugha na uwezo wa kudhibiti unaangalia nini, na akaona kwamba watoto wenye lugha mbili walikuwa imara kwenye huo udhibiti. Udhibiti huo ni kazi ya yule msimamizi wa Baddeley. Hapo ndipo kumbukumbu tendaji na utambuzi wa sarufi zinapokutana: ili uione sentensi, lazima uishike yote, uinyamazishe maana yake, utafute jina linalotawala, ulilinganishe na kitenzi, na jibu la nusu ulilokwisha kupata lisipotee.

Basi mwenye meza kubwa atajua sarufi zaidi? Hapa watu huruka mbali kuliko ushahidi. Mwaka 2014 Jared Linck na wenzake walizikusanya pamoja sampuli 79 zenye jumla ya watu 3,707, kuangalia uhusiano wa kumbukumbu tendaji na umahiri katika lugha ya pili. Uwiano waliokadiria ni 0.255, pale ambapo sifuri ni kutokuwapo uhusiano na moja ni uhusiano kamili. Upo, na ni wa kuaminika. Lakini namba hiyo ukiizidisha kwa yenyewe unapata asilimia sita na ushee ya tofauti kati ya mtu na mtu. Kilichobaki, sehemu kubwa mno, kinatoka kwingine. Na huo ni umahiri kwa ujumla. Kueleza kanuni ni kipande chake kimoja. Mwanafunzi aliyepata alama mbaya asijitie muhuri wa kichwa kidogo.

Sehemu ya hicho kilichobaki naweza kuionyesha kwa mafungu ya nyanya. Muuzaji wa sokoni akikumwagia nyanya ishirini, huwezi kuzihesabu kwa jicho. Akizipanga mafungu manne ya tano tano, umeona mara moja. Meza inahesabu mafungu, haihesabu nyanya. Anders Ericsson, William Chase na Steve Faloon walitoa habari mwaka 1980 za mwanafunzi mmoja wa chuo aliyeanza kwa kushika tarakimu saba, akafanya mazoezi zaidi ya saa 230 katika miezi 20, akafika 79. Alikuwa mkimbiaji, akazifunga tarakimu kama muda wa mbio: tatu na hamsini na nne, hiyo ni maili moja kwa kasi kubwa. Walipombadilishia wakampa herufi, akarudi sita. Meza haikupanuka hata inchi. Alikuwa na mafungu ya tarakimu, hakuwa na mafungu ya herufi.

(Kila nikighani shairi la zamani, lenye mizani nane ukwapi, yaani nusu ya kwanza ya mshororo, na nane utao, nusu ya pili, nawaza kwamba malenga waliugundua ukubwa wa fungu linaloshikika kinywani mapema sana.)

Kwa hiyo istilahi za sarufi, zile ambazo wanafunzi huziona kama adhabu, ndizo mafungu yenyewe. Asiyejua kirai nomino, yaani kikundi cha maneno kinachotawaliwa na jina moja, anashika maneno manne: ubora, wa, viatu, hivi. Anayekijua anashika kimoja, tena chenye kichwa, lile jina linalotawala, kinachoonekana. Mchoro wa matawi tuliokuwa tukilazimishwa kuuchora kidato cha nne unaitoa sentensi kichwani na kuiweka kwenye karatasi, ambako haina mpaka wa vitu vinne. Naamini tunawakosea wanafunzi tunapowafundisha istilahi kama majina ya kukariri kwa ajili ya mtihani, bila kuwaonyesha kwamba zinawapunguzia uzito.

Na uzito wao si mdogo. Mwanafunzi aliyetoka shule za serikali kasoma msingi kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza. Mpwa wangu akichambua sentensi ya Kiingereza, kwa Kiingereza, anafanya kazi tatu mezani palepale: anaielewa sentensi, anaichambua, anatafuta maneno ya kuusemea uchambuzi. Nikimwacha aichambue kwanza kwa Kiswahili kwa mdomo, kisha aandike, jibu linabadilika mbele ya macho yangu. Akili ni ileile.

Aliniuliza kuhusu programu za simu za kunoa kumbukumbu. Wenzake hosteli wanazo. Monica Melby-Lervåg na Charles Hulme walizipitia tafiti za mafunzo hayo mwaka 2013. Wakaona mtu huboreka kwenye mchezo anaoufanyia mazoezi na inayofanana nao, kwa muda, bila manufaa ya kuaminika katika kusoma au hesabu. Ni yule mkimbiaji na herufi zake tena. Nikamwambia bando lake alitumie kwa jambo jingine.

Badala yake nilimwonyesha kidole gumba. Weka kidole juu ya "wa viatu hivi", soma kilichobaki. Akaweka. "Ubora... vimepungua." Akakunja uso kama aliyetafuna mchanga kwenye wali. Akageuza karatasi, akafunika "ya simu hizi". "Matumizi... zimeathiri." Kimya. Akachukua kalamu, akaandika pembeni kwa mwandiko mdogo: kichwa cha kirai ni matumizi, ngeli ya YA, kitenzi kimefuata jina la ndani ya kirai. Hilo ndilo jibu la alama tano, na hakuna mtu aliyemwamrisha aliandike.

Akaendelea na insha yote, kidole kikitangulia kalamu. Alipofika aya ya mwisho akasimama.

"Mjomba, njoo uone. Hapa nimeandika 'Baadhi ya wanafunzi wamefaulu'. Nikifunika 'ya wanafunzi' inabaki 'Baadhi wamefaulu'. Sasa hiyo wa- imetoka wapi, kama kichwa ni baadhi? Mbona idadi haifanyi hivyo? 'Idadi ya wanafunzi imeongezeka', hiyo inakubali kidole."

Chai yake ilikuwa imekwisha kupoa. Nikavuta kiti, tukaanza kuandika maneno mengine yanayoukataa ule ujanja, yeye upande wake wa karatasi, mimi upande wangu.